Iacheni Kusadikika Ielee

Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Haijashika ardhi popote. Wajumbe wake wanatumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na anayerudi na habari za alichokiona malipo yake ni gereza. Shaaban Robert alikichapisha kitabu hicho mwaka 1951. Juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien ilitoka mwaka 1954. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba fantasia ni mambo ya Wazungu yaliyotufikia kwa intaneti, usibishane naye sana. Mpe tarehe.

Naandika haya nikiwa na upande, na sioni sababu ya kuuficha. Nina miaka 26, ni mtoto wa Njombe, nasoma shahada ya umahiri ya fasihi ya Kiswahili, na tangu nijue kusoma ninachokipenda ni vyombo vya angani, majoka, roboti zinazoasi mabwana zao, na nchi ambazo hazimo kwenye ramani. Nimeambiwa ni utoto. Nimeambiwa ni ulimbukeni wa kizungu. Nimeambiwa ni uchawi. Mashtaka hayo matatu hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, lakini wanaoyatoa huwa hawajali. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hakijawahi kupungukiwa hadithi za ajabu. Kilichopungua ni ruhusa ya kuzipokea kama hadithi, na kuna watu walioishikilia ruhusa hiyo. Huku kwetu, kukosekana kwake kumetugharimu zaidi ya burudani.

Nianze na burudani yenyewe, maana wengi wanaoihukumu hawaijui.

Njombe ni mahali pazuri pa kuwa shabiki. Mwezi wa saba baridi inashuka mpaka nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, na watu wanajifungia ndani mapema. Jiko la mkaa linakolezwa nje kwanza, moshi ukiisha linaingizwa sebuleni, mlango unaachwa wazi kidogo ili tusife. Blanketi mbili, simu imejaa chaji, bando la usiku linaanza saa sita. Asiyekuwa na bando anapeleka flashi dukani. Duka ninalokwenda mimi liko karibu na stendi, na ukutani wameandika mafungu: Kikorea, Kihindi, Kifilipino, Mapigano, Katuni, Kichawi. Kwenye Kichawi ndiko kijana wa duka alikozitupia za kwangu zote: Harry Potter, Dune, ile ya nyani wanaozungumza, na Interstellar. Siku moja nikamuuliza Interstellar ina uchawi gani, wakati ni hadithi ya wanasayansi.

"Dada," akasema, "si mtu anaingia kwenye shimo huko angani, halafu anatokea nyuma ya rafu ya vitabu ya binti yake, anamgongea ukuta? Bibi yako ungemsimulia hiyo angekuambia ni nini?"

Nilicheka, lakini ule ulikuwa uhakiki, tena bora kuliko mwingi niliousikia kwenye semina. Kijana yule alikuwa amemsoma mtengenezaji wa filamu kwa macho ya hadithi zetu, akaona mshono ulipo.

Kisha kuna vibanda umiza. Makambako ni mji wa njia panda. Reli ya TAZARA inapita pale, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita pale, na ya Njombe na Songea inachepuka pale. Mji wa namna hiyo una watu wengi wanaosubiri: madereva wa malori ya Zambia, mataniboi wao, abiria waliokosa gari, wauza viazi na parachichi. Kibanda umiza ni mabenchi, turubai, televisheni moja na jenereta la akiba. Kaka yangu alinipeleka mara ya kwanza nikiwa sekondari, na ndipo nilipoisikia kazi ambayo naamini ndiyo fasihi ya kisayansi ya Kiswahili yenye hadhira kubwa kuliko zote: muvi iliyotafsiriwa.

Tunasema "kutafsiriwa", ila neno hilo halitoshi. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa walioikuza kazi hii Dar es Salaam, na kizazi changu kimekua na kina DJ Mack na DJ Afro wa Kenya. Watu hawa wanaisimulia filamu upya, sauti yao juu ya sauti ya filamu. Wanawapa wahusika majina ya mtaani, wanaeleza kilichopita, wanatania, wanamwonya shujaa asifungue mlango. Na hawana haya na msamiati. Siku ile Makambako maiti wanaotembea waliitwa misukule, na hakuna aliyeuliza maana yake. Chombo cha wageni kutoka sayari nyingine kiliitwa ungo. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele yetu akamgeukia mwenzake, akasema, "Kumbe na wao wanazo." Benchi zima likaanguka kicheko.

Ninawaletea ungo huo wale wanaodai Kiswahili hakina maneno ya kubebea hadithi za kisayansi. Ungo ni wa kupepetea mpunga. Ungo ni chombo ambacho bibi zetu walituambia wachawi wanasafiria usiku. Ungo ni lile dishi lililopigiliwa kwenye paa, linalonasa setilaiti. Neno moja, jikoni, angani na kwenye paa la nyumba. Lugha iliyofanya hivyo bila kuitisha kamati haihitaji kuhurumiwa.

Wenzetu wa nje waliona zamani kwamba Kiswahili kinafaa angani. Star Trek ilipoanza kuoneshwa Marekani mwaka 1966, afisa wa mawasiliano wa kile chombo aliitwa Uhura, jina lililochongwa kutokana na neno uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini jirani na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ni ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kufikia hoja kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mwaka 2005 mchezo wa kompyuta wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin unaoitwa Baba Yetu, maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda tuzo ya Grammy. Filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyopigwa Rwanda, inachanganya Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na wadukuzi wake wanaimba.

Orodha hiyo huwa tunaisambaza kwa fahari. Mimi inaniudhi kidogo. Ukiiangalia vizuri utaona kwamba mara nyingi tunaombwa neno, jina au wimbo. Hadithi yenyewe inabaki kwa mwingine. Hata Pumzi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, filamu fupi ya Kenya ninayoiheshimu sana, ina jina la Kiswahili na watu wanaozungumza Kiingereza. Tulipokwenda kuitazama Black Panther mwaka 2018 tukifunga mikono kifuani, lugha ya Wakanda ilikuwa Kixhosa. Sawa, Waxhosa wamestahili. Lakini Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni kutoka Lamu hadi Lubumbashi, na mtu akitaka kusoma ndani yake habari za mwaka 2200, atapekua maduka ya vitabu mpaka achoke.

Hapo ndipo ninapouliza ni nani aliyetufikisha hapa. Wa kwanza kumnyooshea kidole ni shule.

Kila aliyesoma Kiswahili sekondari Tanzania anaijua mashine ile. Kitabu kinaingizwa upande huu, upande ule zinatoka fani na maudhui. Maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Swali la mtihani linataka ujadili jinsi waandishi wawili walivyofanikiwa kufikisha ujumbe kwa jamii. Tulipopangiwa Joka la Mdimu cha Abdallah Safari, nilikifungua nikilitafuta joka. Hamna joka. Joka ni fumbo la wanaojificha katikati yetu kama nyoka wa kijani kwenye majani ya mdimu, wakaitafuna nchi. Ni riwaya nzuri, na fumbo ni zuri. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote ya shule hakuna aliyewahi kutupangia kitabu ambamo joka lilikuwa joka.

Chuoni mashine ni ile ile, imepakwa rangi. Kwenye semina ya riwaya niliuliza kwa nini Kusadikika inaelea. Nilijibiwa kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya mkoloni, baraza lake ni serikali ya kikoloni, na mwandishi aliogopa kusema wazi. Nikasema sawa, lakini kwa nini inaelea? Watu wakacheka. Mjadala ukahamia kwenye dhamira ya haki.

Silipingi fumbo la ukoloni. Lipo, na Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, alijua anachokisema. Lakini kama alitaka fumbo tu, angeweza kuiweka nchi yake kisiwani, au nyuma ya milima, kama wafanyavyo wengi. Aliiweka hewani, na hilo linabadilisha kila kitu. Mtu aliyesimama ardhini ana pande nne na mbingu juu yake. Anayeelea ana pande sita, kwa sababu ardhi nayo imekuwa ugenini. Fikiria nchi inayopeleka mjumbe ardhini kama sisi tunavyopeleka chombo mwezini! Mahali tunapopanda mahindi pamegeuka safari ya hatari, na mjumbe akirudi kusimulia, wakuu wanasema hayo hayasadikiki. Hicho ndicho hasa kinachofanywa na hadithi za kisayansi zilizo bora: kukuonesha nyumbani kwako kama mgeni anavyopaona. Mwandishi wetu alikifanya kwa Kiswahili, na sisi tukakifungia ndani ya sentensi moja ya notisi. Tolkien alipoona wasomaji wanamtafutia vita na wanasiasa ndani ya kitabu chake, aliandika katika dibaji kwamba hapendi istiari za namna hiyo, na mashabiki wake wakamwelewa. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hana wa kumsemea. Ngoja basi tumsemee.

Mhadhiri mmoja, katika chuo nisichokitaja, aliniambia pendekezo langu la utafiti kuhusu hadithi za kisayansi kwa Kiswahili lingekuwa zuri zaidi kama ningetafuta mada "inayogusa jamii". Rafu yangu ilikuwa na Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa anafungiwa ndani ya chombo cha kumpeleka kifoni na anatua kwenye nchi ambayo jina lake, ukilisoma polepole, linasema wale ni sisi. Ilikuwa na Nagona na Mzingile za Kezilahabi, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, na Bina-Adamu! ya Wamitila. Ikiwa hivyo havigusi jamii, sijui jamii ni nani.

Ila nikiwa shabiki nina ugomvi na rafu hiyo pia. Vitabu hivyo tumeviita riwaya za majaribio, tukavipandisha juu kabatini, na vingine vimekubali kukaa huko. Nagona naipenda, lakini huwezi kuisoma umelala chali huku unasubiri ugali uive. Inakudai kalamu. Fasihi ya ajabu yenye afya inahitaji pia vitabu vya kusomwa ndani ya basi la Songea, vyenye joka, ramani na sehemu ya pili inayotoka mwakani. Watu wanavitaka. Ushahidi uko kwenye simu zao. Hadithi za majini na kuzimu zinazotolewa sehemu kwa sehemu Facebook na WhatsApp zina wasomaji wanaolipia shilingi 1,000 kuunganishwa kwenye kundi ili wapate sehemu ya kumi na tano. Filamu za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta zilizungumzwa mitaani kuliko riwaya yoyote iliyopangiwa wanafunzi. Wasomi wetu wanaziita takataka bila kuzisoma. Mimi ninazisoma, na nyingi zina kasoro: mwisho unaparaganyika, wanawake ni majini au ni mateka. Lakini kasoro za kazi inayosomwa zinatibika kwa wahariri na wahakiki. Hadithi ambayo mhakiki hataki kuigusa itabaki na kasoro zake.

Sasa nije kwenye shtaka zito kuliko yote, lile la uchawi. Kwa mtu wa Njombe si mzaha.

Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto waliibwa na kuuawa katika mkoa wetu. Miili mingine ilikutwa imekatwa viungo. Viongozi wa serikali walisema hadharani kwamba mauaji yale yalihusishwa na imani za kishirikina, za watu walioaminishwa kwamba viungo vya mtoto vinaleta utajiri. Dunia nzima ilitusikia kwa habari hiyo. Shangazi yangu aliacha kwenda shambani asubuhi ili awapeleke wanawe shule akiwa amewashika mikono, na jioni barabara zilikuwa tupu kabla jua halijazama. Katika miezi ile mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema anayenipenda kama mwanawe, aliniambia, "Mwanangu, sasa unaona. Hayo mavitabu yako ya mazimwi na uchawi ndiyo yanayolea mambo haya."

Nilimjibu kwa heshima wakati ule, na ninamjibu kwa urefu sasa.

Baba, waliowaua watoto wale hawakuongozwa na riwaya. Waliongozwa na madai: fanya hivi, utapata hivi. Madai hayo yalitolewa kwa sauti ya uhakika kabisa, na mtu aliyelipwa. Tofauti kati ya madai na hadithi ni kubwa kuliko tofauti kati ya usiku na mchana, na wazee wetu waliijua kuliko sisi. Msimulizi anapoanza anaita, "Hadithi, hadithi!" Wasikilizaji wanaitika, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Sikiliza tena katikati pale. Uongo njoo. Msikilizaji anaualika uongo akiwa macho, kwa jina lake, anauketisha karibu na moto, na hadithi ikiisha kila mtu anakwenda kulala akijua fisi aliyejigeuza kijana mtanashati akaja kuposa yuko ndani ya hadithi. Bibi yangu alitusimulia Kibena habari za fisi huyo mara nyingi. Hakuna mjukuu wake aliyetoka pale akamtuhumu jirani.

Tapeli anayeuza utajiri kwa viungo vya watu hatamki "uongo njoo". Hawezi. Biashara yake yote imesimama juu ya kutokutamka. Naye ananawiri zaidi mahali ambapo watu wamefundishwa kwamba jini, zimwi na msukule ni mambo ya kuamini au kuogopa tu, na kwamba kuyachezea kwa akili ni dhambi. Mtoto aliyesoma hadithi 50 za ajabu amejifunza kuuliza maswali: uchawi huu una kanuni gani, unamgharimu nani, nani anafaidika? Mashabiki tunagombana usiku kucha kwenye makundi yetu kuhusu kanuni za uchawi ambao wote tunajua haupo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mkono wa mtoto utafungua duka, swali la kwanza litamtoka lenyewe: kwa utaratibu gani? Sisemi riwaya ingewazuia wauaji. Nasema inawajenga watu wasioogopa kuuliza, na watu wa namna hiyo wakiwa wengi kijijini, tapeli anakosa wateja.

Tena dawa tulikuwa nayo mkobani. Kufikirika, riwaya nyingine ya Shaaban Robert, iliyotoka baada ya kifo chake, inahusu nchi ya kubuni ambayo mwana wa mfalme anaugua, na watabiri wanasema atapona kwa kafara ya watu wawili, mjinga na mwerevu. Watu wanakamatwa. Suala la iwapo damu ya mtu inaweza kumponya mtu linawekwa mezani na kujadiliwa kwa akili. Hicho ndicho kitabu ambacho kila shule ya Njombe ilipaswa kukifungua Februari 2019, na kuwauliza wanafunzi: watabiri hawa walijuaje? Nani aliwapima? Mimi nilikisoma kidato cha tano. Nilichokiandika kwenye daftari, kwa kuwa ndicho kilichoandikwa ubaoni, ni "nafasi ya elimu katika jamii".

Kuna watakaosema tuna matatizo halisi: mbolea, barabara, maji, ajira, kwa nini tuwaze sayari. Jamani, wanaotuzuia kuwaza ya mbali hawajatupatia ya karibu. Mtoto wa Ludewa anakua akisikia chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mkataba mkubwa ulitiwa saini mwaka 2011, na kila bajeti mradi huo umesomwa kama sura mpya ya riwaya ambayo haijafika mwisho. Hiyo nayo ni hadithi ya mambo yajayo. Tatizo ni kwamba tumewaachia wengine waitunge, sisi tupige makofi. Kijana aliyezoea kuwaza miaka 100 ijayo angeuliza: chuma kikiisha chimbuliwa, Ludewa inafananaje? Maji ya Ruhuhu yana rangi gani? Nani anaendesha mitambo, na kwa lugha gani?

Ya mbali tuliwahi kuyawaza. Wataalamu wa Magharibi walisema reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia haina faida. Nyerere na Kaunda wakaenda China. Kati ya mwaka 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 za reli, kupita kwenye milima na mabonde ambayo hata kwa miguu yalikuwa taabu. Kuna wazee Makambako waliolisubiri treni la kwanza kama sisi tunavyosubiri wageni wa sayari nyingine. Kabla ya reli kuwa chuma ilikuwa jambo lisilosadikika, na kuna waliolisadiki. Nyerere huyo huyo ndiye aliyekaa akamtafsiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mapebari wa Venisi mwaka 1969, kuonesha kwamba Kiswahili kinabeba lolote. Akina sisi, wenye intaneti mfukoni, tunasema hakibebi roboti.

Ninachokitaka kinaeleweka. Wahariri wa magazeti kama hili, fungueni mlango wa hadithi za kisayansi na fantasia kwa Kiswahili, na mkizikataa, zikataeni kwa sababu ni mbovu, msizikatae kwa kuwa zina majoka. Waandishi wa WhatsApp, wekeni kanuni kwenye kuzimu zenu na mzifuate mpaka mwisho. Wasomaji wenu wana akili kuliko mnavyodhani. Wasomi, nendeni vibanda umiza na madaftari yenu, na mlipe kiingilio. Mashabiki wenzangu mnaoandika kwa Kiingereza mkidhani joka litaona aibu kuzungumza Kiswahili, jaribuni ukurasa mmoja tu, muone litakavyounguruma.

Na walimu, kwa kuwa mtihani ndio mnaouheshimu, ninawapa swali la bure. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Eleza wakazi wake wanachota maji wapi, na mtoto akiangusha ndoo, inamwangukia nani. Alama 20. Mwanafunzi atakayeanza kwa kutaja dhamira apewe sifuri.